Bakuli la Bi Mwanaidi

Kabla jua halijachomoza nyuma ya majabali ya Singida, puto lilikuwa limeshapanda. Lilianzia chini, kwenye mdomo wa chuma wenye moto, likanyanyuka ndani ya mnara wa vioo ghorofa baada ya ghorofa, jembamba, linalong'aa, likitetemeka kidogo kwa hewa iliyolijaza, mpaka likafika juu kabisa. Huko magurudumu mawili marefu ya mpira yalilibana, yakalilaza na kuliviringisha, likawa utando mmoja mrefu usiokatika. Mtambo huo haukuzimwa usiku wala mchana. Wenyeji walishauzoea, ila wageni walioshuka kwenye treni ya angani walisimama chini ya mnara wakipiga picha.

Mhandisi Skolastika Ntandu hakuwa na haja ya picha. Puto hilo alilibuni mwenyewe. Kila asubuhi alipanda ngazi za mnara, akaweka kiganja juu ya kioo chenye joto, akalitazama kama mama anavyomtazama mwanawe aliyepata umaarufu akasahau kupiga simu nyumbani. Kisha alishuka kwenda kunywa chai yake peke yake.

Utando uliotoka kwenye puto hilo uliitwa utandohai. Kwa macho ulikuwa kama mfuko wa nailoni ambao mabibi zetu walifungia sukari, lakini haukutokana na mafuta ya ardhini. Ulitengenezwa kwa mabua ya alizeti, na ukiutupa ardhini ulioza ukawa mbolea. Ulikuwa na matabaka saba, yote kwa pamoja membamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu. Moja lilinyonya oksijeni yote iliyobaki juu ya chakula. Jingine lilinasa ile gesi ambayo matunda huitoa yakiiva. Jingine lilitoa mvuke wa kuua vijidudu, na jingine lilibeba chumvi maalumu ambayo, utando ukichanwa, ilipata unyevu ikawaka joto, chakula kikawa cha moto kama kimeepuliwa sasa hivi. Matabaka yaliyobaki tuwaachie wahandisi, maana hata wao hugombana kuyaeleza. Pembeni mwa kila pakiti palikuwa na kidoa cha duara kilichoitwa jicho. Jicho likiwa la kijani, kula. Likiwa la njano, fanya haraka. Likiwa jekundu, mpe mdudu.

Wala tusimwonee Skolastika. Mvua ilipogoma miaka mitatu mfululizo, utandohai ndio uliowavusha watu. Mavuno ya mwaka wa neema yalilala ndani ya tando zake yakiwa mabichi, na hakuna mtoto aliyezikwa kwa njaa. Alistahili kila nishani aliyovalishwa.

Ila mambo mengine yalibadilika kimyakimya, na hayakupewa nishani. Mafundi waliacha kujenga majiko kwenye nyumba mpya, kwa sababu nani apike kila siku? Mtu alinunua pakiti za mtu mmoja mmoja, akazipanga kwenye rafu na kula alipojisikia. Ukutani mwa kila nyumba palikuwa na mfunikaji, kisanduku chenye mdomo mpana. Ukisogeza chakula, kisanduku kinauliza, "Nifunike?" Ukiitikia, chakula kinafunikwa mara moja, na kwisha habari yake. Lile neno "karibu chakula" lilibaki kwenye vitabu vya shule.

Siku hiyo Skolastika alipofika ofisini alimkuta Mkurugenzi Kidanka amekaa juu ya meza yake. Kidanka alikuwa bosi wake, na alikuwa na umri wa kuwa mwanawe, kwa hiyo heshima zao zilipishana mlangoni kila siku.

"Shikamoo, Mhandisi."

"Marahaba, Mkurugenzi. Shuka kwenye meza yangu."

Kidanka akashuka huku akicheka. "Kesho ndiyo sherehe ya utando mpya. Wageni ni wengi. Nataka tuwaonyeshe kitu, lakini sitaki chakula cha maabara. Tunapika wenyewe, tunafunika wenyewe, tunakula wenyewe, halafu tunajisifu. Watu wamechoka. Nataka chakula cha nyumbani, cha mkono wa mtu, kilichofunikwa na ule utando wa kwanza kabisa."

"Muulize Mlinzi."

Mlinzi ilikuwa akili mnemba ya kiwanda. Kila jicho la kila pakiti mjini liliiletea habari mchana na usiku, nayo ikajua nini kimebaki wapi. Kidanka aliuliza, na sauti ikatoka darini, ya upole kama ya msomaji wa taarifa ya habari.

"Chakula cha nyumbani cha zamani kuliko vyote, ambacho hakijafunguliwa na jicho lake ni la kijani, ni makande. Yalifunikwa miaka tisa iliyopita. Yapo Jengo la Majabali, ghorofa ya kumi na mbili, nyumbani kwa Mhandisi Skolastika Ntandu."

Kidanka alipiga makofi. "Kumbe tunayo ndani ya nyumba! Mama, ulikuwa unatuficha! Alipika nani?"

"Jirani yangu."

"Basi tumlete naye. Akae mbele kabisa."

"Hapana," Skolastika akasema, haraka mno. "Ni mtu mzima. Tusimsumbue."

Jirani huyo aliitwa Bi Mwanaidi. Alihamia mlango wa mkabala na Skolastika akitokea Ilongero, baada ya mwanawe wa pekee, Shabani, kupata kazi kwenye kituo cha Mwezini. Jengo lilikuwa halina jiko hata moja, ila yeye alikuja na lake la umeme, masufuria matatu na mwiko. Juma lake la kwanza tu aligonga mlango wa Skolastika jioni, kanga mbili mwilini, mkononi bakuli la bati lenye maua mekundu, limebanduka rangi ukingoni. Makande yalikuwa yanafuka moshi.

"Mwanangu, mimi sijazoea kupikia sufuria ndogo," alisema. "Kula kabla hayajapoa. Makande yakilala yanachacha."

Skolastika alishukuru kwa moyo wote. Lakini alikuwa ametoka kula pakiti yake, na kesho yake alikuwa na kikao. Akayamimina makande kwenye mfunikaji. "Nifunike?" kikauliza kisanduku. "Funika," akasema. Nitakula kesho, alijiambia. Akaliosha bakuli na kuliweka juu ya kabati.

Kesho yake hakuyala, wala kesho kutwa. Kwa nini aharakishe? Jicho lilikuwa la kijani.

Na hapo ndipo fundo lilipokaza. Mama yake Skolastika alimlea kwa sheria moja ya vyombo: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Tia hata yai, hata nyanya mbili, hata konzi ya karanga, lakini kisirudi kitupu, na utakachotia kiwe cha mkono wako. Skolastika hakuwa na jiko wala shamba wala kuku. Alikuwa na pakiti za dukani, na kumtilia Bi Mwanaidi pakiti ya dukani kwenye bakuli lile ingekuwa matusi. Tena Bi Mwanaidi angeuliza, "Yalikuwaje?" naye alikuwa hajaonja hata punje moja. Mwingine angedanganya. Skolastika alidanganya juu ya mambo mengine, kama sisi sote, lakini si juu ya chakula cha mtu.

Akangoja apate nafasi. Bakuli lililokaa wiki moja ungelirudisha na mayai. Lililokaa mwezi lilitaka kuku. Lilipofikisha mwaka lilitaka mbuzi, na baada ya hapo hakukuwa na mnyama wa kutosha. Aibu nayo ilikuwa kama deni linalozaa. Skolastika akaanza kusikiliza mlangoni kwanza, ahakikishe ukumbi ni mtupu, ndipo atoke. Miaka ya mwanzo walipokutana Bi Mwanaidi alimwita, "Mwanangu, hujambo? Mbona umepotea?" naye akajibu, "Nitakuja, Bi, kazi zimenibana." Hakwenda. Baadaye Bi Mwanaidi aliacha kuuliza.

Mwaka uliopita walibanwa pamoja kwenye lifti. Skolastika alimwamkia. Bi Mwanaidi aliitikia marahaba, akamtazama kwa adabu, akasema, "Wewe mgeni hapa jengoni, mwanangu? Unamtafuta nani?"

Skolastika alihisi uso unamwaka. Alikulia uswahilini, na kijembe akikisikia anakijua. Alishuka ghorofa ya tatu ambako hakuwa na shughuli yoyote, akapanda ngazi zilizobaki kwa miguu. Tangu siku hiyo alijua kwamba ameshachukiwa, na kwamba ni haki yake.

Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Ndugu zake walikuwa majina kwenye simu. Mtu pekee aliyewahi kugonga mlango ule akiwa na kitu mkononi alikuwa Bi Mwanaidi. Alimkumbuka. Alimkumbuka kwa miaka tisa huku akisikia redio yake ng'ambo ya ukumbi, na kama mtu angemuuliza anataka nini duniani, angejibu kwamba anataka mlango ule ufunguliwe tena.

Jioni hiyo alitoa pakiti kwenye rafu na kuifuta vumbi. Alisimama ukumbini mbele ya mlango wa mkabala, mkono ukiwa umeinuliwa. Ndani redio ilikuwa inaimba taarabu. Angesema nini? Kwamba makande yako ninayo, na kesho nayapeleka nikapigiwe makofi? Alishusha mkono, akaingia kwake.

Sherehe ilifanyika chini ya mnara, mchana kweupe. Kulikuwa na viti vya wakubwa, kamera zinazoelea kama kereng'ende, na bendi. Kidanka alizungumza vizuri, maana alikuwa na kipaji hicho.

"Babu zetu waliogopa jua, waliogopa nzi, waliogopa kesho," alisema. "Mtu alipika akijua chakula chake kina saa chache za kuishi. Leo hii hatuogopi. Tumeushinda uozo, ndugu zangu! Na utando mpya utatunza chakula kwa muda wa maisha yako yote. Hutaharakishwa tena na chochote!"

Makofi yalilia. Skolastika alipanda jukwaani na pakiti yake. Kamera zikasogea. Aliushika ukingo akachana.

Mvuke ukatoka. Kwanza ilikuja harufu ya karanga zilizokaangwa kabla ya kutwangwa, kisha kitunguu, kisha ile harufu ya mahindi yaliyochemka mpaka yakapasuka. Nyuma yake kulikuwa na harufu nyingine ambayo hakuitegemea, ya udi kidogo na sabuni ya kipande. Ilikuwa harufu ya kanga za Bi Mwanaidi. Utando haukuchagua. Ulikuwa umefunika jioni nzima.

Akala kijiko kimoja. Maharage yaliyeyuka. Karanga zilikuwa zimepata chumvi yake sawasawa, na kwa mbali kulikuwa na pilipili moja iliyotumbukizwa nzima na kutolewa kabla haijapasuka. Hakuwahi kula makande matamu hivyo tangu mama yake afariki. Alikula cha pili, na cha tatu, akasahau kwamba anatazamwa.

"Waambie watu, Mhandisi!" Kidanka akasema kwa furaha. "Yakoje?"

"Ni matamu," Skolastika akasema.

Uwanja ukalipuka kwa vifijo. Alisimama pale akiwaangalia watu mia kadhaa wanaomshangilia, na hakuna hata mmoja ambaye neno lile lilikuwa lake. Mwenye neno alikuwa ghorofa ya kumi na mbili, nyuma ya mlango, na alikuwa amelingoja miaka tisa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga, nao walikuwa hawajaona utandohai. Machozi yalimtoka. Magazeti yaliandika kesho yake kwamba mbunifu alizidiwa na fahari.

Hakukaa kula karamu. Aliteremka mpaka chumba cha majaribio, ambako waliweka nafaka mbichi za kujaribia tando. Alichota mahindi yaliyokobolewa, maharage, na konzi mbili za karanga. Akawasha jiko la kupimia joto, akabandika chungu cha maabara, akatia maji. Alikuwa hajapika tangu enzi za uanafunzi. Mkono wa roboti uliokuwa ukimsaidia kazi ulimfuata huku na huku, haujui ufanye nini.

"Joto gani, Mhandisi?" ukauliza.

"Sijui. Mpaka yaive."

"Mpaka yaive ni nyuzi ngapi?"

"Ondoka mbele yangu."

Maharage hayakutaka kuiva. Alichochea, akaongeza maji, akachochea tena. Chini pakashika, moshi ukapanda, kengele ya moto ikalia, akaizima. Alikuwa amechoka na amechafuka unga wa karanga mpaka kwenye nyusi. Lakini ndani ya kifua chake kulikuwa na wepesi ambao hakuukumbuka ulikuwa unaitwaje. Jua lilipoanza kutua, aliamua kwamba yameiva, au kwamba hayataiva zaidi ya hapo. Mkono wa roboti ulisogea na mdomo wa utando.

"Nifunike?"

"Usifunike," akasema. "Yaache yapoe kama yanataka kupoa."

Akakimbia nayo. Nyumbani alilishusha bakuli la maua mekundu kutoka kabatini, akaliosha upya, akamimina makande yake yaliyokuwa bado na uvuguvugu. Hakusikiliza mlangoni. Alivuka ukumbi hatua zote tatu akagonga kabla moyo haujamshauri vingine.

Redio ilipunguzwa sauti. "Karibu! Nani mwenzangu?"

Mlango ulifunguka. Bi Mwanaidi alikuwa amepungua, mabega yamekuwa madogo ndani ya kanga, ila macho yalikuwa yaleyale, machangamfu.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi." Skolastika alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, na yote yalimtoka kwa mkupuo. "Ni mimi, Skola, wa mlango wa mkabala. Nimerudisha bakuli. Nisamehe. Nimechelewa mno, najua, na yale makande nimeyala leo tu, na yalikuwa matamu, Bi, matamu kweli. Nisamehe sana."

Bi Mwanaidi alilitazama bakuli. Alilipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole pale rangi ilipobanduka.

"Hili bakuli langu," akasema. "Umelitoa wapi, mwanangu? Nilimpelekea jirani yangu."

"Ndiyo mimi, Bi. Mimi ndiye jirani."

Bi Mwanaidi akamtazama vizuri, toka kichwani penye mvi mpaka miguuni, akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Aa, hapana. Yule msichana tu, nywele nyeusi tii. Anafanya kazi kule kwenye mnara. Hana nafasi, maskini, wanamfanyisha kazi sana. Lakini ni mtoto mwenye adabu. Atalileta mwenyewe."

Skolastika alishika fremu ya mlango. Lifti ile. *Wewe mgeni hapa jengoni?* Hakikuwa kijembe. Mwaka mzima alikuwa akijificha asikutane na hasira ambayo haikuwepo, na nyuma ya mlango huu Bi Mwanaidi alikuwa anamsahau kidogo kidogo, sura kwanza.

"Pita ndani, mgeni hasimami mlangoni."

Akapita. Chumba kilikuwa kidogo na kisafi. Kwenye kona sufuria ilikuwa jikoni, inatokota. Na kuta zote, kuanzia sakafuni hadi darini, zilikuwa rafu. Rafu zilijaa pakiti. Wali wa maharage, ndizi, viazi vitamu, kuku, makande, makande, makande. Kila moja ilikuwa fungu la mtu mmoja, na kila moja ilikuwa na jicho la kijani. Macho yote yalimtazama Skolastika.

"Hivi vyote ni vya nani, Bi?"

"Vya huyo huyo jirani yangu. Kila nikipika namtengea fungu lake." Bi Mwanaidi alisema hivyo kama jambo la kawaida kabisa. "Kumpelekea nashindwa. Nikimgongea ataona namdai bakuli, na mimi si mtu wa kumfuata mtu mlangoni kwa ajili ya bakuli. Nikasema siku akilileta, nitampa vyote. Zamani ningelazimika kwenda, mwanangu, maana vingechacha. Siku hizi haviharibiki. Hakuna haraka."

Hakuna haraka. Skolastika alikuwa ametumia ujana wake wote kuiondoa haraka ile duniani, tabaka baada ya tabaka. Sasa aliiona imewekwa mbele yake kwenye rafu, miaka tisa ya vyakula vya jioni alivyopikiwa na hakuvila, vyote vizima, vyote vibichi kama siku vilipoepuliwa. Kilichoharibika kilikuwa kimesimama katikati ya chumba, watu wawili.

"Naomba nionje kimoja, Bi," akasema. "Kimoja tu."

"La, cha mtu hicho." Bi Mwanaidi alikaza sauti, kisha akailegeza. "Lakini usihuzunike. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndani ya sufuria kimejaa tele, tena cha moto. Keti."

Waliketi mkekani. Bi Mwanaidi alianza na bakuli alilopokea, kwa heshima ya mgeni. Alitafuna. Akatafuna tena. Akaacha kutafuna.

"Nani kapika haya?"

"Mimi, Bi."

"Maharage hukuyaloweka."

"Sikujua kama yanalowekwa."

Bi Mwanaidi alicheka mpaka akashika mbavu, akacheka kicheko cha msichana, na Skolastika akacheka naye huku machozi yanamtiririka. "Chini yameungua, ndani mabichi! Mwanangu, una kipaji! Lakini chumvi ipo. Chumvi umeipatia." Na akala mpaka bakuli likabaki jeupe, kwa sababu alikuwa mtu aliyelelewa. Kisha akapakua kwenye sufuria, wakala, akamsimulia mgeni wake habari za Shabani aliye Mwezini, na za jirani yake wa mlango wa mkabala, msichana mzuri sana, mpweke, aliyestahili kupata mtu wa kula naye. Skolastika alisikiliza habari zake mwenyewe mpaka mwisho. Mara mbili alifungua mdomo kusema ni mimi, mara mbili akaufunga.

Alipoaga, Bi Mwanaidi aliosha bakuli la maua mekundu, akalikausha kwa ncha ya kanga, akachota makande ya sufuriani mpaka likajaa.

"Chombo hakirudi kitupu," alisema akimkabidhi. "Kula kabla hayajapoa. Makande yakilala yanachacha."

Mlango ukafungwa. Skolastika alibaki ukumbini, bakuli likimchoma viganja. Kupitia mlango wake uliokuwa wazi aliuona mfunikaji ukutani, mdomo umeshawaka taa. "Nifunike?" kikauliza kile kisanduku. Tumbo lake lilikuwa limejaa kweli. Kesho palikuwa na kikao.

Hakuingia. Aliegemea ukuta wa ukumbi akala pale pale, kwa vidole, amesimama, akiunguza ulimi. Alikula mpaka punje ya mwisho, akafuta ukingo kwa kidole, akalamba kidole.

Kisha akageuka akagonga tena. Bakuli mkononi mwake lilikuwa tupu, na mara hii hakungoja apate cha kulijaza.

"Bi Mwanaidi!" aliita. "Nimekuja kukwambia. Yalikuwa matamu!"

Nyayo zilijikokota ndani, redio ikapunguzwa, na sauti ikamjia kupitia mlangoni, changamfu, yenye furaha ya kupata mgeni.

"Karibu! Nani mwenzangu?"